Veneranda wa Chumba cha Plasta

Mtoto alipotoka, mkunga hakusema kitu. Veneranda alisubiri aambiwe ni wa kike au wa kiume, lakini hakusikia ila kilio cha mtoto mwenyewe na mvua iliyokuwa ikipiga paa la nyasi. Mkunga huyo alikuwa mama mkwe wake, Kashindye, aliyewazalisha nusu ya wanawake wa Goweko, wala hakuwa mtu wa kunyamaza. Veneranda akajiinua kwa kiwiko, akatazama. Mtoto alikuwa wa kiume, mnene, mwenye nywele tele. Chini ya magoti miguu yake ilikuwa imejikunja kwa ndani, yote miwili, nyayo zikitazamana na visigino vimevutwa juu, kana kwamba kuna aliyeipinda kabla udongo haujakauka.

Kashindye alimfunika kaniki, akasema anamtoa nje kumwosha.

Maji ya moto yalikuwa mle mle ndani, kwenye chungu, yakifuka mvuke. Veneranda aliyatazama, na hapo akaelewa. Tangu utotoni alikuwa akisikia habari za watoto wanaorudishwa walikotoka siku ile ile ya kuzaliwa. Mapadri walikuwa wakikataza jambo hilo kila walipopata nafasi, lakini wakunga hawakuzalishia kanisani. Alisimama vile vile alivyokuwa, damu ikimchuruzika mapajani, akatoka. Mumewe, Masolwa, alikuwa ameketi barazani. Alimwona akipita, akainamisha kichwa, akaendelea kuchonga mpini wa jembe.

Alimkuta Kashindye nyuma ya kihenge, amepiga magoti kando ya mtungi mkubwa uliokuwa ukikinga maji ya mvua. Mtoto alikuwa keshavuliwa ile kaniki.

"Amekuja vibaya huyu," Kashindye alisema bila hasira, kama anayemwelewesha mtoto. "Mwache arudi. Atakuja mwingine."

Veneranda alimshika mwanawe kwa mikono miwili, na mama mkwe alipokawia kumwachia, alimng'ata mkono mpaka akamwachia.

Goweko nzima ilizungumza habari ya mkwe kung'atwa kuliko habari ya miguu ya mtoto. Lakini nyumbani kwa Masolwa iliyozungumzwa ni miguu. Ukoo ule ulikuwa wa wapagazi. Babu yake Masolwa alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani, akarudi na majora ya nguo begani, akaenda tena, na wanawe wakamfuata njia ile ile hadi Wajerumani walipoleta reli. Hata Masolwa mwenyewe alikula kwa miguu, maana alikuwa mtu wa genge la reli, akitembea juu ya mataruma kutwa nzima kukaza misumari. Katika nyumba kama hiyo mtoto wa kwanza wa Masolwa alikuwa amezaliwa asiyeweza kukanyaga. Veneranda alipomwuliza mumewe anasema nini, Masolwa alimjibu kwamba mambo hayo yanajulikana na mama yake. Usiku ule na kila usiku uliofuata Veneranda alilala mgongo ukutani, mtoto kifuani pake, hakumpa mtu yeyote ambebe.

Katekista ndiye aliyembatiza mtoto, akamwita Modest, na ndiye aliyemwambia Veneranda kwamba Tabora, kwenye hospitali ya misheni, kuna daktari Mzungu anayenyoosha miguu ya namna ile, mradi mtoto aletwe angali mchanga. Damu ya uzazi ilikuwa haijakauka Veneranda alipopanda treni ya kwenda huko. Masolwa alimfikisha stesheni, akampandishia furushi, akashuka kabla filimbi haijalia.

*

Daktari aliishika ile miguu, akaipindapinda kwa vidole gumba, akasema itanyooka. Sista aliyekuwa akimtafsiria alimweleza Veneranda kazi ilivyo. Kila Alhamisi mguu utavutwa kidogo kuelekea mahali pake, kisha utafungwa bendeji zenye unga mweupe zilizoloweshwa majini, na bendeji zitakauka na kuwa ngumu kama jiwe. Alhamisi ijayo plasta itakatwa, mguu utavutwa tena, utafungwa tena. Kazi ni ya miezi mingi. Na kwa kuwa wahudumu hawatoshi, mama mwenyewe ndiye atakayemshika mwanawe.

Hilo la kumshika hakulielewa mpaka walipoanza. Alionyeshwa pa kukamata, juu ya goti, mkono mmoja huku na mwingine kule, akaambiwa asilegeze. Daktari akazungusha unyayo. Hakuuvunja, wala hakuwa na haraka, alisukuma tu taratibu na kubaki amesukuma, uso wake ukitazama dirishani kama mtu anayesikiliza. Modest alilia kilio ambacho Veneranda hakuwahi kukisikia kwa kiumbe chochote, kisha pumzi zikamkauka akabaki kinywa wazi bila sauti, midomo imekuwa ya kijivu. Maziwa yalimwagika yenyewe kwenye kifua cha Veneranda, yakalowesha nguo hadi kiunoni. Mikono yake ilitaka kuachia. Hakuiachia. Walipomaliza, alama za vidole zilizobaki kwenye paja la mtoto zilikuwa zake, si za daktari.

Kati ya Alhamisi na Alhamisi alikaa mtaa wa Gongoni, kwa mjane mmoja aitwaye Maua, mwuza vitumbua. Maua hakuwa mwema wala mbaya. Alimpa pembe ya jiko alale, na kwa ajili hiyo Veneranda alimtwangia mchele, akamtekea maji, akamfulia. Mtoto alipolia sana, Maua alipiga ukuta kwa mwiko na kuuliza kama Wanyamwezi hawana dawa ya kunyamazisha watoto. Lakini asubuhi alimwekea Veneranda uji wenye sukari, maana mwenye kunyonyesha, alisema, hatwangi vizuri akiwa na njaa.

Miguu ilianza kusikia. Wiki baada ya wiki plasta ilipokatwa, nyayo zilikuwa zimegeuka kidogo zaidi kutazama chini. Wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukawa mkaidi. Daktari alifurahi, akamwonyesha mguu wa kulia sista, na sista akamwonyesha Veneranda. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajifungue mtu kumtazama mwanawe na kucheka kwa furaha.

Halafu daktari alikwenda likizo kwao, na kazi ya plasta ikabaki kwa dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda aitwaye Elieza.

Elieza alikuwa kijana wa Kimoraviani, safi, mwenye viatu vinavyong'aa, na alikuwa na nia njema. Alitaka daktari arudi akute mguu wa kushoto umeufikia wa kulia. Alhamisi ile aliuvuta kuliko ulivyopata kuvutwa, akaufunga kwa kukaza, akaukandika plasta nene ili usirudi nyuma. Veneranda alishika juu ya goti kama kawaida.

Kesho yake vidole vya mguu wa kushoto vilivyochungulia kwenye plasta vilikuwa vimevimba, na rangi yake ilikuwa ya zambarau iliyoiva. Mtoto hakunyonya. Veneranda alimpeleka hospitali. Elieza alikuwa na watu wengi barazani. Alivitazama vile vidole kwa mbali akasema uvimbe ni kitu cha kawaida mguu ukivutwa. Alipomweleza kwamba mtoto halali, hanyonyi, analia tu, alimjibu kwamba watoto wote katika chumba kile hulia, na kama kila mama angerudi kwa sababu ya kilio hospitali isingefanya kazi nyingine. Aje Alhamisi. Sista naye alimkumbusha sharti lililosomwa kwa akina mama wote siku ya kwanza, kwamba atakayeondoa plasta nyumbani asirudi tena, maana amewapotezea kazi.

Jioni yake Maua aliingia jikoni na karai la maji na kisu cha kukatia ndizi, akaviweka chini mbele yake.

"Loweka," alisema. "Ikilainika, kata. Mimi si daktari, lakini mguu huo unakufa."

"Watanifukuza, Bi Maua. Miguu itarudi ilivyokuwa."

"Irudi."

"Nimekuja hapa kwa sababu ya miguu hiyo."

"Basi msikilize mtoto mwenyewe," Maua akasema, akaondoka, ila karai na kisu aliviacha. Veneranda alivisogeza kando kwa mguu wake, mtoto asivione, kana kwamba mtoto wa miezi michache angeelewa.

Modest alilia siku zile mpaka sauti ikamwisha. Jumanne akanyamaza. Akanyonya kidogo, akasinzia. Veneranda alipiga magoti pale pale kwenye majivu, akamshukuru Mungu kwa kumpa yeye moyo wa kuvumilia, akatwanga mchele wa Maua kwa furaha. Nzi walikuwa wameanza kutua juu ya plasta. Alidhani wamevutwa na maziwa.

Alhamisi Elieza alikata plasta ya kushoto kwanza. Harufu ilitoka kabla ya mguu. Alipoupanua ule mfereji alioukata, alisimama na mkasi mkononi, kisha akauweka mkasi mezani kwa uangalifu, akatoka chumbani, na Veneranda hakumwona tena siku ile. Mguu ulikuwa mweusi toka vidoleni hadi juu ya kifundo, umenyooka barabara.

Wakamwita daktari wa serikali, akaukata chini ya goti.

Hakuna aliyemwambia Veneranda kwamba lilikuwa kosa la nani. Sista alisema tumshukuru Mungu mtoto yu hai, akampa blanketi jipya na rozari. Kuhusu mguu wa kulia alimwuliza kama anataka waendelee. Veneranda aliwaza kuhusu jambo hilo kwa muda usiozidi ule wa kumfunga mtoto mgongoni. Alhamisi iliyofuata alikuwa barazani, kwenye foleni. Kisiki cha kushoto kilikuwa bado kina bendeji ya damu alipoushika mguu wa kulia juu ya goti, na Elieza, ambaye hakumtazama usoni, akauvuta.

*

Modest alikuwa amekwisha kuota meno Veneranda aliporudi Goweko. Mguu wa kulia ulikuwa ndani ya kiatu kidogo cha hospitali, unyayo wake ukitazama chini kama wa mtu yeyote. Alikuta moto wake unakokwa na mwanamke mwingine. Alikuwa msichana mdogo aitwaye Imakulata, aliyeletwa bila kanisa, na tumbo lake lilikuwa tayari limeinuka.

Kashindye alimpokea mjukuu, akamfungua nguo, akamwangalia upande mmoja na wa pili.

"Ulikwenda kutafuta miguu," alisema, "ukauacha mmoja huko huko."

Veneranda alikuwa amejiandaa kwa matusi kwenye treni njia nzima, lakini hilo lilimkuta bila ngao. Alijibu kwamba angalau mwanawe anapumua. Kashindye hakuinua sauti. Aliendelea kumfunga mtoto nguo, fundo kwa fundo.

"Wa kwangu wa kwanza alikuja na miguu hiyo hiyo. Kabla ya huyu Masolwa. Nikamrudisha kwa mikono yangu mwenyewe, maziwa yakanijaa mpaka nikapata homa. Hakuna aliyenipandisha treni. Wewe ulikuwa nani, hata ushindwe?"

Masolwa alikuwa mlangoni, amesikia yote. Veneranda alimgeukia, akangoja aseme neno, maana sasa ilikuwa wazi kwamba kupinda kule hakukutoka tumboni mwake bali katika damu ya nyumba ile, nyumba ya wapagazi. Masolwa alimwambia tu kwamba njia ya Tabora anaijua.

Akarudi Tabora. Sista alimpa kazi ya kufagia, kisha ya kufua bendeji, na baada ya miaka miwili ya kumwona akipita kwenye mlango wa chumba cha plasta bila kuingia, akamwambia aingie awe anawashika watoto, kwa sababu akina mama wengi wanalegeza. Daktari alikuwa mwingine sasa, Elieza alikuwa ameondoka zamani, akahamia hospitali ya mbali. Veneranda akaingia.

Hapo ndipo Tabora ilipomjua. Alikuwa na mikono mipana ya mtu aliyetwanga, na alipokamata paja la mtoto halikuchezacheza. Mama aliyelia, Veneranda alimtoa nje kwa bega lake. Aliyemwomba daktari apumzike kidogo, alimwambia mbele za watu kwamba kama anamhurumia mtoto asingemzaa na miguu ile. Watoto waliokuwa wakubwa kidogo walianza kulia walipomwona uani tu, hata akiwa amebeba ndoo. Wanawake wakampa jina la Koleo, kwanza kisirisiri, mwishowe mbele yake, naye akaitika. Kitu kimoja tu alikifanya ambacho hakikuwa katika kazi yake. Kila mama alipokuwa anatoka na mtoto aliyefungwa, alimsimamisha mlangoni, akavibonyeza vidole vya mtoto, akamwambia aviangalie asubuhi na jioni, na vikigeuka rangi avunje plasta siku hiyo hiyo, hata kwa jiwe, na aje kesho yake hata kama ni Jumapili. Sista alilisikia hilo, akaliacha.

Modest alikulia uani kwa Maua, akitembea kwa gongo. Maua, ambaye hakuwa na mtoto, alimlaza karibu yake na kumlisha vitumbua vilivyoungua. Alipofikia umri wa kazi alimpeleka kwa fundi Abbasi, mshonaji wa kanzu sokoni, na kijana akaonekana ana mkono wa kushona. Cherehani aliiendesha kwa mguu wake mmoja ulionyooka. Alikuwa mkimya. Wateja walidhani ni adabu.

*

Vita vya pili vya Wazungu vilikuwa vimekwisha Imakulata aliposhuka Tabora na kichanga mgongoni. Alikuwa si msichana tena. Aliulizia hospitali, kisha akaulizia Veneranda, akamkuta akianika bendeji. Alipiga goti, akamwamkia. Veneranda aliitikia marahaba, akaendelea kuanika mpaka kamba ikajaa.

Mtoto alikuwa wa kike, na nyayo zake zilitazamana.

Imakulata alieleza bila kuulizwa. Huyu hakuwa wa kwanza. Ile mimba ambayo Veneranda aliiona siku ile ilizaa mtoto wa miguu hiyo hiyo, na Kashindye alimtoa nje kumwosha, na yeye Imakulata alikuwa na miaka kumi na sita na hakujua, alikaa kitandani akingoja aletewe mwanawe anyonye. Wawili waliofuata walikuwa wazima. Sasa Kashindye amepofuka, lakini alimpapasa huyu miguuni, akaomba apewe maji ya kumwosha. Ndipo akakimbia.

Veneranda alisikiliza yote hayo. Ilimpasa kuona huruma, na pengine ilikuwepo mahali fulani, ila kilichopanda kwanza kilikuwa utamu. Alimtazama mwanamke yule aliyepiga goti vumbini na kufikiri kwamba huyo ndiye aliyekaa kwenye moto wake miaka kumi na zaidi. Akamwambia siku ya plasta ni Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Ilikuwa kawaida kichanga anayeletwa mara ya kwanza kupokelewa siku yoyote, na nafasi ilikuwepo, na Veneranda alilijua hilo. Imakulata alilala barazani hospitalini wiki nzima, akila alichopewa na wagonjwa.

Alhamisi Veneranda alimshika yule mtoto kama alivyowashika wote, labda kwa nguvu zaidi. Imakulata aliporomoka ukutani, akaziba masikio.

"Kalie nje," Veneranda alimwambia. "Humu analia mtoto tu."

Lakini mlangoni, walipomaliza, alivibonyeza vidole vya mtoto, na akasema aliyoyasema kwa kila mama. Kisha akampeleka Gongoni, kwenye pembe ile ile ya jiko la Maua, bila maelezo.

Mtoto yule alipona. Daktari mpya alikuwa mpole, na baada ya plasta alimvisha viatu viwili vilivyofungwa pamoja kwa kipande cha chuma, alale navyo. Mara mbili vidole vilivimba, na mara mbili Imakulata alivunja plasta kwa nyundo ya fundi Abbasi, akaenda hospitali asubuhi, akafungwa upya, hakufukuzwa na mtu. Mwaka uliofuata mtoto alisimama uani kwa Maua akishikilia kinu, akakiacha, akatembea. Akina mama waliokuwepo walipiga vigelegele.

Modest alikuwa amekaa kizingitini, gongo limelala mapajani. Alimtazama dada yake huyo akivuka ua na kurudi. Vigelegele vilipokwisha alimwuliza mama yake, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya kitu:

"Plasta yangu mbona hukuivunja?"

Maua, aliyekuwa akigeuza vitumbua, hakugeuka. Veneranda alifungua mdomo. Mle kinywani alikuwa na majibu mengi aliyoyaandaa kwa miaka mingi, juu ya Elieza, juu ya sista, juu ya foleni na sharti. Alitoa moja.

"Niliambiwa nisivunje."

Modest aliitikia kwa kichwa. Hakuliuliza tena.

Masolwa mwenyewe ndiye aliyekuja kuwachukua, amevaa koti. Alimnyanyua binti yake, akamsimamisha, akamwangalia akitembea, macho yakamlowa. Alisema huyu kweli ni wa ukoo wetu. Alipokuwa anatoka alimkuta mlangoni kijana mwenye gongo, ambaye alimpisha apite. Modest alimwamkia. Masolwa aliitikia marahaba, baba, hujambo, akauliza wenyeji huyu ni mtoto wa nani. Imakulata alimvuta mkono, wakaondoka kuwahi treni.

*

Modest alipata cherehani yake mwenyewe, akahamia Igalula, akafungua kibanda karibu na stesheni. Alioa msichana wa huko, Apolinaria, mwenye sauti ndogo na maamuzi makubwa. Kwa mama yake alituma salamu kwa watu wa treni Krismasi na Pasaka. Veneranda alibaki na watoto wake wa Alhamisi, vidole vikianza kukakamaa kwa baridi yabisi, kiasi kwamba alipomshika mtoto ilibidi amshike kwa kiganja.

Siku moja mtu aliyeshuka kwenye treni ya asubuhi alimwambia, akidhani Veneranda anajua, kwamba mjukuu wake amezaliwa, ana wiki tatu, na ana miguu ile ya kwao. Veneranda alivua eproni, akaenda stesheni, akapanda treni ya Igalula.

Alimkuta Modest kwenye cherehani, anashona mifuko ya nguo za shule. Kijana alimwamkia bila kusimama.

"Nimemfuata mtoto," Veneranda alisema.

"Hutamgusa."

"Sasa hivi miguu ni laini. Akingoja, itakuwa mifupa, itabidi wamkate kwa kisu."

"Hata mimi nilikuwa laini, mama."

Alimweleza kwamba siku hizi mambo yamebadilika, kwamba dada yake anatembea na kucheza ngoma, kwamba yeye mwenyewe ameshika watoto wasiohesabika na wengi wamepona. Modest alisema anajua. Alisema mwanawe atatembea kwa pembe za nyayo zake, watu watamcheka, na ataishi na miguu yote miwili. Akarudi kwenye kazi yake. Veneranda aliketi kwenye kigoda cha wateja.

Apolinaria alitokea mlango wa nyuma, mtoto mikononi. Alikuwa amesikia yote. Hakumtazama mumewe. Alimweka mtoto kwenye mapaja ya Veneranda, akafunua kanga miguuni, akarudi nyuma hatua moja, mikono kifuani.

Veneranda aliushika mguu wa kushoto, akautafuta mfupa kwa kidole gumba, akausukuma polepole kutazama nje, akabaki amesukuma. Mtoto alianza kulia. Modest alikanyaga pedali. Cherehani iliunguruma kwa kasi, sindano ikala kitambaa, ikapita ukingo wa mfuko, ikaendelea kushona juu ya hewa, naye hakuacha kukanyaga, wala hakusema acha.

Kesho yake Apolinaria na mtoto walipanda treni pamoja na Veneranda. Modest hakuwafikisha stesheni, ingawa palikuwa karibu kiasi cha kusikia filimbi. Miezi yote ile ya plasta hakukanyaga Tabora. Mtoto alinyooka miguu, isipokuwa mguu wa kushoto uliobaki umeelekea ndani kidogo, jambo ambalo mtu asiyejua asingeliona. Alipoanza kukimbia alikimbilia kibandani kwa baba yake, na Modest alimpa vipande vya nguo achezee, hakuwahi kuiangalia miguu yake mbele ya watu.

Mama yake alipokuja kuwatembelea, alimwamkia, akampa kigoda, akamwagiza Apolinaria alete uji, kisha akarudi kwenye cherehani. Veneranda alikunywa ule uji, akakaa pale mpaka treni yake ilipofika.